Mdundo Niliouongeza kwenye Wimbo wa Jerida

Vijana wangu, kwanza pokeeni pongezi. Siku hizi mnarekodi albamu nzima mkiwa mmelala kitandani, simu kifuani, blanketi hadi shingoni. Ukikohoa, simu inafuta kikohozi. Sauti ikipotea, simu inairudisha njiani kama mbuzi aliyeacha wenzake. Asubuhi hujulikani hata na jirani, jioni ni msanii, kesho yake una maadui. Sisi ilituchukua miaka mingi kupata maadui. Hongereni sana.

Nisingewasumbua kama si kinyozi wangu hapa Kakamega mjini. Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, povu kidevuni, akawasha simu tumsikilize kijana mmoja anayeeleza "historia ya kweli" ya nyimbo zilizovuma zamani. Kijana ana miwani myeusi, tena yuko ndani ya nyumba. Akafika kwa wimbo wa Jerida. Akasema Jerida alikuwa mke wa mtu huku kwetu, akatoroka na makanga wa matatu ya Kisumu, na alikuwa na haraka hata mlango hakufunga. Alisema bila kupepesa, ingawa kwa miwani ile hata angepepesa nisingejua.

Kinyozi akaniuliza, "Mzee Ainea, si wewe ulikuwanga kwa hiyo kazi ya kurekodi? Ni kweli?"

Nilikuwa na wembe shingoni, kwa hivyo sikujibu. Najibu sasa.

Nilirekodi nyimbo tangu kaseti hadi sidii hadi hizi flashi zenu zinazopotea mfukoni. Studio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya poshomili. Kinu kikisaga, hata Malaika Gabrieli angekuja na tarumbeta yake tungemwambia asubiri mahindi ya watu yaishe. Ukutani tulitundika magodoro ili sauti isirukeruke. Mwenye studio, Mzee Habakuki, aliyapata kwa bei nzuri kutoka kwa lojing'i moja, pamoja na kunguni wake. Ndiyo maana waimbaji wetu walikuwa wachangamfu sana. Hata wimbo wa toba ulikuwa na mtikisiko.

Mzee Habakuki ndiye aliyenifundisha. Zamani alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, akaachishwa kwa sababu waumini walikuwa wakitingisha mabega wakati wa sadaka. Hakuwa na cheti cha ufundi wa sauti. Alikuwa na masikio mawili na kidole kimoja kirefu cha kukupiga nacho kisogoni ukikosea.

Alinifunza kwamba mwimbaji hapewi soda baridi. Unampa maji ya uvuguvugu, kisha unamuuliza habari za miwa. Koo la mtu hulainika akilalamika, na mkulima wa miwa wa huku kwetu hakosi la kulalamikia. Dakika kumi za miwa, sauti inatoka kama asali. Alinifunza pia kupanga kwaya: mwenye sauti kubwa asimame mlangoni, mwenye sauti ndogo mbele ya maikrofoni, na mwenye kiburi, popote utakapomweka, mwambie hapo ndipo mahali pa heshima. Ngoma za isukuti zilikaa nje kabisa, kando ya barabara, mlango ukiwa wazi nusu, na bado zilitushinda.

Tukimaliza, Mzee hakusikiliza kazi kwenye spika nzuri. Alichukua kaseti akaenda nayo kwa fundi viatu jirani, ambaye redio yake ilikuwa imepasuka spika. "Ukisikika vizuri hapa," alisema, "utasikika hata kuzimu."

Makosa? Nilifanya. Mgombea mmoja wa udiwani aliwahi kutuletea kwaya imwimbie wimbo wa kampeni, na mnajua sisi na hizo herufi mbili zetu, r na l. Kwaya ikasimama ikaimba kwa nguvu zote, "Mpeni kula! Mpeni kula!" Mimi sikusikia tofauti, kwa kuwa hata mimi ndivyo ninavyosema. Kaseti zilitoka hivyo hivyo. Watu wakampa. Na mambo yakawa kama kwaya ilivyoomba.

Hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. La Jerida si la kuchekesha, ingawa watu wamelichekea hadi leo.

Siku hiyo Mzee Habakuki alikuwa Butere kwenye mazishi ya shemeji yake, akaniachia studio. Nilikuwa na miaka mitatu kazini, yaani nilikuwa najua kila kitu. Akaingia mama mmoja kutoka Shianda, anaitwa Perista, pamoja na mzee wa kijijini kwao aliyebeba shiriri, ile fidla yetu ya uzi mmoja inayolia kama mtu aliyebanwa na mafua. Mama Perista alikuwa na kitambaa cheusi kichwani. Nilikiona. Kukiona na kukielewa, hizo ni kazi mbili, na siku hiyo nilifanya moja.

Akaimba. Wimbo ulikwenda pole pole, kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo:

*Jerida dada yangu, mlango umeuacha wazi,*
*Kuku wameingia ndani, nani atawafukuza?*

Alipomaliza nilimwambia, "Mama, turudie, shiriri imeteleza kidogo."

Akafunga kitambaa chake vizuri. "Huu siimbangi mara mbili kwa siku moja, omwana. Nitengenezee kaseti za watu wa nyumbani tu. Nitazichukua wiki ijayo." Wakaenda.

Sasa, ndani ya studio kulikuwa na kinanda kipya. Kilikuwa na midundo tayari ndani yake: unabonyeza, ngoma inapiga, gita linajibu, tarumbeta inaitika, na wewe umekaa tu kama chifu. Mzee hakukipenda. Alisema ni kama mke anayepika kabla hujasema una njaa. Mimi nilikipenda hadi nilikuwa nakipangusa kwa leso yangu ya kanisani.

Nikausikiliza wimbo wa mama yule. Nikaona unachelewa. Nikaongeza mwendo wa kanda hadi sauti yake ikawa nyembamba kama ya msichana. Nikaizika shiriri. Nikabonyeza mdundo. Na pale anapouliza "nani atawafukuza?" nikaweka tarumbeta ijibu, paa-pa-paa, kana kwamba tarumbeta ndiyo imejitolea kuwafukuza hao kuku.

Nikaupeleka kwa fundi viatu. Nyundo yake ikaanza kufuata mdundo. Wanawake waliokuwa wakipita na ndizi wakasimama. Mmoja akatikisa kiuno, ndizi zikiwa bado kichwani. Dereva mmoja akaomba nakala, nikampa. Wa pili akaomba, nikampa pia. Ya tatu nilikimbia nayo mwenyewe kwa mtangazaji mmoja wa redio niliyemfahamu. Hakuna aliyenituma.

Mtangazaji aliupiga siku iyo hiyo. Lakini kwanza alisafisha koo akaeleza asili yake: kwamba ni kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoroka na makanga wa Kisumu. Nilipokutana naye nilimuuliza kisa hicho alikitoa wapi.

"Ainea," akasema, "wimbo bila hadithi ni chai bila sukari."

Na sisi ni watu wa miwa. Sukari hatukatai.

Wimbo ukaenea. Arusi ikawa si arusi bila Jerida. Mwanamke akichelewa sokoni, mumewe anaimbiwa habari za kuku. Mhubiri mmoja alitoa mahubiri mazima juu ya mlango wa Jerida, akaonya akina mama, akapigiwa makofi na akina baba. Mimi nilitembea mjini kifua mbele. Mzee Habakuki aliporudi kutoka Butere aliusikia kabla hata hajafika studio, kwa sababu ulikuwa kila duka. Akaketi.

"Huyu mama anajua?" akaniuliza.

"Atafurahi, Mzee. Amekuwa maarufu."

Hakunipiga kisogoni. Ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Mama Perista alikuja siku ya tatu baada ya Mzee kurudi, saa ya kinu kupumzika, kwa hivyo kila neno lilisikika. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike mwenye sare ya shule, wa miaka sita hivi. Hakusalimia. Kwetu, mama mtu mzima akiingia bila kusema mulembe, simama.

"Ni nani kati yenu aliwaambia watu kwamba dada yangu alitorokanga na makanga?"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama magodoro.

"Ni maneno ya redio, mama," nikasema. "Sisi tuliongeza mdundo tu."

Akaketi. Akasema bila kupaza sauti, na ningefurahi zaidi kama angepaza. Jerida alikuwa dada yake mkubwa. Mama yao alipokufa, Jerida ndiye aliyemlea Perista, akamsomesha kwa kuuza mboga. Alishikwa na uchungu wa uzazi kabla ya wakati, akiwa nyumbani peke yake. Majirani wakambeba juu ya baiskeli kukimbia hospitali, na katika kukimbia huko hakuna aliyekumbuka mlango. Hakurudi, wala mtoto aliyekuwa tumboni hakuishi. Perista ndiye aliyerudi na habari hizo. Akakuta mlango wazi, kuku wamejaa ndani, wanakula mahindi ambayo Jerida alikuwa ameyaanika kwenye mkeka.

"Sikuwafukuza," akasema. "Niliketi hapo chini katikati yao. Sikuwa na nguvu ya kusema hata shii. Hiyo ndiyo niliimba. Sasa wewe umeniwekea tarumbeta."

Kisha akamsogeza mbele yule mtoto.

"Huyu ni Rispa, wa Jerida. Mwaka mzima nimemfundisha kwamba mama yake amekufa. Usiku akiamka namfundisha tena. Juzi amesikia redio. Amenijia akicheka, ananiambia, 'Mama mdogo, kumbe yuko Kisumu! Twende!' Ameshafunga nguo zake ndani ya karatasi ya nailoni." Akamtazama Mzee, kisha mimi. "Nimeshindwa kumwambia mara ya pili. Mwambieni nyinyi, mliomfufua."

Vijana, mtu akiwaambia kazi ya muziki ni nyepesi, mkumbukeni Ainea akipiga magoti sakafuni mbele ya mtoto wa miaka sita. Nilidhani Mzee ataniokoa. Mzee alikuwa amevua kofia.

"Rispa," nikamwambia, "yule mtu wa redio alidanganya. Na mimi nilichezea wimbo wa mama mdogo."

"Kwa hivyo hayuko Kisumu?"

"Hayuko."

"Yuko Kakamega?"

"Hapana."

Akafikiri. Akauliza tena kwa sauti ndogo, kama mtu anayepunguza bei ili muuzaji akubali: "Hata Mumias?"

Nikatikisa kichwa. Hakulia. Alirudi akashika sketi ya mama yake mdogo, akanitazama tu. Nimetazamwa na maaskari, na wagombea walioshindwa, na mke wangu. Hakuna aliyenitazama hivyo.

Tukajaribu kurekebisha. Tukaacha kuunakili siku hiyo hiyo. Kazi bure, kwani wachuuzi wa mjini na wa Kisumu walikuwa wanaunakili wenyewe, na waliuongezea picha ya mwanamke anayekimbia na begi. Mzee alikwenda kwa yule mtangazaji kumtaka aombe radhi. Aliomba. Aliomba katikati ya tangazo la dawa ya kupe na tangazo la mbolea, kwa pumzi moja, kisha akapiga wimbo wenyewe ili watu wajue anaomba radhi kwa ajili ya wimbo gani.

Halafu Mzee akanipakia mashine kwenye baiskeli, akanituma Shianda nirekodi upya. Nilifanya kazi hiyo nyumbani kwa marehemu, na maikrofoni moja tu, bila godoro, bila kinanda. Mama Perista aliketi pale mlangoni akaimba, yule mzee akapiga shiriri. Kuku mmoja alilia katikati ya ubeti wa pili. Nikainua mkono nisimamishe, kisha nikaushusha. Katika kazi zangu zote, hiyo ndiyo safi kuliko zote. Hata fundi viatu aliacha nyundo alipoisikia.

Mkitaka kujua ilipokelewaje: haikupokelewa. Mtangazaji alisikiliza nusu dakika akasema inaleta usingizi, tena ina kuku. Madereva walinirudishia wakidhani kanda imeharibika. Watu walikuwa wamemzoea Jerida wa Kisumu. Jerida wa kweli akawa kama mgeni anayefika wakati sufuria zimeshaoshwa. Ikabaki kwa jamaa zake na kwa kwaya moja ya kanisa la kwao. Mama Perista hakuja tena studio. Nikikutana naye kwenye soko la Shianda, ananipa mkono kwa sababu ya malezi mema, siyo kwa sababu ya mimi.

Miaka ikaenda. Mzee Habakuki akafariki, nasi tukamzika kwa kinanda cha kukanyaga kama alivyoagiza. Studio ikafungwa, kwa sababu ninyi mligundua blanketi. Nikaishia kukodishwa na mashine zangu kwenye arusi na mikutano ya wazazi, spika mbili na laptopu ya mpwa wangu.

Mwaka jana nikaitwa arusi ya Ekero. Nilifika mapema, nikaunganisha nyaya, nikajaribu sauti. Wageni walipoanza kuingia ndipo nikamwona mama mzee mwenye fimbo akiongozwa kwenye viti vya mbele, upande wa bibi arusi. Alikuwa Mama Perista. Nikaangalia tena karatasi ya ratiba. Bibi arusi: Rispa.

Ningekuwa na akili ningerudi nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshaahidiwa ingokho na obusuma, kuku kwa ugali, na mwili wangu nao una maoni yake.

Mambo yalikwenda vizuri hadi baada ya keki. Upande wa bwana arusi wakataka kumchezea ngoma bibi arusi wao. Shangazi mmoja mnene, mchangamfu, akaja kwenye mashine akanigonga begani. "Fundi, tupigie Jerida!" Nikamwambia sina. Mpwa wangu, msomi, akasema, "Anko, unayo, hii hapa," akabonyeza.

Tarumbeta yangu ikalia, paa-pa-paa. Hema lote likasimama kwa kelele. Nikamwona Mama Perista ameganda, mikono miwili juu ya fimbo. Nikang'oa waya.

Ukimya wa arusi ni mbaya kuliko wa matanga. Kisha wakaanza kunizomea. Shangazi akauliza kama nimelewa. Katikati ya kelele nikaona gauni jeupe linakuja, limeinuliwa kwa mikono miwili lisiguse vumbi.

"Fundi, ni nini?" akauliza Rispa.

"Mama, nisamehe. Hawajui. Sikutaka siku yako..."

"Nani amekutuma uzime?"

"Hakuna."

"Kama vile hakuna aliyekutuma uongeze tarumbeta." Alikuwa akinikumbuka vizuri kabisa. Nikainamisha kichwa ningoje haki yangu. Lakini alisogea karibu, akaongea nami tu. "Shuleni waliniimbia nikawa nakimbia. Halafu nikawa mkubwa. Nikaenda Nairobi kazi. Fundi, mimi sina picha ya mama yangu. Hata moja. Sauti yake siikumbuki. Siku moja napita mahali, nikasikia kwa duka watu wanaita Jerida, Jerida. Watu hata hawamjui. Nikaingia nikaketi mpaka ikaisha. Tangu hapo, nikiisikia mahali naingianga. Hiyo ya pole pole ni ya mama mdogo, alilia nayo. Hii ndiyo inatembea na jina lake. Piga."

"Lakini mama mdogo..."

"Piga, fundi. Jina la mama yangu liko kwa arusi yangu na wewe unang'oa waya?"

Nikarudisha waya. Nikakosa tundu mara mbili. Wimbo ukaanza tangu mwanzo. Rispa akaingia katikati ya mashangazi wa mume wake, akacheza na gauni lake, akicheka, na kila hema lilipoitikia "Jerida!" aliinua mkono kama mtu aliyeitwa.

Mama Perista akasimama. Nikadhani anaondoka. Alikuja kwa fimbo yake, hatua kwa hatua, akapita kando ya wachezaji, akafika kwangu. Akasimama kando ya spika, sikio limeinama, akausikiliza wimbo wote hadi mwisho. Nilitambua kwamba tangu nilipouongezea tarumbeta hakuwahi kuusikia hadi mwisho.

Ulipoisha akanigusa mkono.

"Hiyo tarumbeta yako," akasema, "bado ni ya kijinga."

"Najua, mama."

Akamtazama Rispa, aliyekuwa akipanguswa jasho na watu watatu kwa wakati mmoja. "Lakini Jerida angeicheza. Yeye ndiye alikuwanga wa kucheza kwetu. Mimi nilikuwa wa kulia."

Nikamuuliza kama niupige tena.

"Hapana," akasema. "Wacha watu wakule."